Likifunguliwa Duka la Pili Kijijini



Kwa desturi masomo ya ukurasa huu huwa ni ya shamba: namna ya kupalilia, namna ya kuchuma bila kuvunja matawi, na namna ya kuanika karafuu juu ya majamvi hata zikauke sawasawa. Safari hii tumeona yafaa tutoke shambani kidogo, twende dukani.

Wengi katika wanachama wetu hawaishi kwa karafuu peke yake. Mkarafuu hauna miadi na mtu. Mwaka huu matawi huinama kwa mavuno, na mwaka wa pili mtu hupata pakacha la kuonja tu. Kwa hiyo wenye busara, wanapopata fedha za msimu mwema, hufungua kijiduka, au genge la mboga na samaki, au hununua cherehani, ili nyumba ipate chakula hata mikarafuu ikipumzika. Jambo hilo ni zuri, nasi twalisifu.

Lakini duka lina taabu moja ambayo shamba halikutufundisha. Karafuu zetu twazipeleka katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, nazo hupimwa na kulipwa kwa bei iliyotangazwa. Jirani akipeleka magunia kumi nawe ukapeleka moja, bei ya kilo ya daraja lile ni ileile, wala yeye hakukupunguzia kitu. Dukani sivyo. Jirani akifungua mlango wa pili hatua hamsini kutoka mlango wako, wanunuzi ni walewale na fedha zao ni zilezile. Hapo ndipo mwenye duka la kwanza hukosa usingizi. Basi na tutazame afanye nini, na asifanye nini.

KARAFUU YENYEWE INATUFUNDISHA

Kwanza tusidhani kuwa ushindani ni msiba mpya ulioletwa kwetu peke yetu. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilitaka biashara ya karafuu iwe yake peke yake. Ikaamuru mikarafuu ikatwe katika visiwa vingi, ibaki Ambon na jirani zake tu, mahali ilipoweza kuilinda. Juu ya ulinzi huo, mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuletewa miche ya mikarafuu mpaka kisiwa cha Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja na Pemba, na kabla karne hiyo haijesha visiwa vyetu vilikuwa vinaongoza duniani kwa karafuu. Katika habari ile, basi, sisi ndio tuliokuwa duka jipya.

Kisha gurudumu likageuka. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara zilizotiwa karafuu. Waindonesia wakaona fedha nyingi zinatoka nje, wakapanda mikarafuu yao kwa wingi. Ilipoanza kuzaa, wakapunguza kununua kwetu, na katika miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ikaanguka vibaya. Wazee wetu wanaikumbuka taabu ya siku zile.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, mlango wa biashara haufungiki kwa nguvu. Waholanzi walikata miti na bado haukufungika. La pili, anayetegemea mnunuzi mmoja, au bidhaa moja, au mazoea ya jana, huumia siku mambo yanapobadilika. Mambo haya mawili ni kweli kwa nchi, na ni kweli kwa kijiduka cha mabati kando ya njia.

SIKU ZA KWANZA

Duka jipya likifunguliwa, mwenye duka la zamani hujiwa na mawazo matatu mabaya. Wazo la kwanza ni fitina: kusema kwamba mizani ya mwenziwe ina kasoro au mchele wake ni wa zamani. Maneno ya namna hii hurudi nyumbani kwa mwenyewe, na katika kijiji ambamo watu ni ndugu na wakwe, huvunja zaidi ya biashara. Wazo la pili ni kwenda kutafuta dawa ya kuvuta wateja. Fedha ile ya mganga ingetosha kununua mzani mzuri. Wazo la tatu ni kupunguza bei siku ileile, kwa hasira, bila ya kupiga hesabu. Hili tutalieleza peke yake, maana ndilo linaloua maduka mengi.

Badala ya hayo, nenda kamsalimu jirani yako na umtakie heri. Wazee wamesema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu, hata kama hakukusudia, amekuletea dawa: atakuonyesha wateja wako walikuwa wakikosa nini. Watazame wanaopita mlango wako kwenda kwake. Wanafuata nini? Ni bei? Ni kwamba yeye hufungua alfajiri nawe hufungua jua likiwa juu? Ni kwamba ana chenji? Ni kwamba hupokea malipo kwa simu? Ni kwamba mtoto akitumwa hahudumiwi mwisho baada ya watu wazima? Andika majibu. Mengi katika hayo yatengenezeka bila ya gharama yo yote.

HESABU YA GUNIA MOJA

Sasa tuje kwenye bei. Tutatoa mfano wa gunia la sukari la kilo 50. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mwanachama aweke zake.

Tuseme gunia umelinunua mjini kwa shilingi 125,000, na kulileta mpaka dukani ni shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 128,000. Katika kupima kilo moja moja na nusu nusu, sukari humwagika na mkono huzidisha, kwa hiyo tuseme kilo utakazouza ni 49. Ukiuza kila kilo kwa shilingi 2,800 utapata shilingi 137,200. Ondoa gharama, faida yako ni shilingi 9,200.

Jirani anauza kwa shilingi 2,700. Ukisema, "Nami nitapunguza mia tu," utapata shilingi 132,300, na faida itakuwa shilingi 4,300. Tazama vizuri: umepunguza shilingi mia katika bei ya 2,800, kitu kidogo machoni, lakini faida imekatika zaidi ya nusu. Ili upate faida uliyokuwa ukiipata kwa gunia moja, hata magunia mawili hayatoshi, maana mawili yatakupa shilingi 8,600 tu. Je, kijiji kitaanza kunywa chai mara mbili kwa sababu ya ushindani wenu?

Na ukishuka mpaka 2,600, utapata shilingi 127,400. Hapo umewalipa watu shilingi 600 kwa kila gunia ili wakubali kuja kwako. Biashara ya namna hiyo haina mshindi ila yule mwenye mfuko mrefu zaidi.

Hatusemi kwamba bei isipunguzwe kamwe. Twasema kila mwenye duka ajue kwanza bei ambayo hawezi kushuka chini yake, kwa kila bidhaa, tena aiandike. Akitaka kupunguza, apunguze katika kitu kimoja au viwili ambavyo watu huvikumbuka bei yake, kama chumvi au kiberiti, wala asipunguze katika duka zima.

DAFTARI LA MIKOPO

Silaha ya pili ya hasira ni mkopo. Mwenye duka huona wateja wanapungua, huanza kusema, "Chukua tu, utalipa karafuu zikiuzwa." Siku hiyo duka hujaa watu, lakini droo ni tupu.

Turudi kwenye gunia letu. Mtu mmoja akikopa kilo 5 kwa bei ya 2,800 asilipe, umepoteza shilingi 14,000, yaani faida ya gunia zima na nusu imekwenda. Na kama umeshapunguza bei kuwa 2,700, deni la kilo zile 5 ni shilingi 13,500, na faida ya magunia matatu haitoshi kulifidia. Anayepunguza bei na kukopesha kwa pamoja anakata tawi alilokalia kwa mashoka mawili.

Tunajua kwamba duka la kijijini haliwezi kukataa mkopo kabisa. Kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna jirani aliyekusaidia jana. Lakini mkopo uwe na mpaka. Amua fedha ambayo duka laweza kuikosa bila ya kutikisika, na isizidi hapo. Kila mtu na kiasi chake, kila kiasi na tarehe yake. Andika mbele ya mteja, na mteja aone ulichoandika. Wahenga hawakukosea waliposema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu akihamia duka la pili kwa sababu wewe umedai haki yako, usimsikitikie sana. Jirani naye atajifunza.

KITU AMBACHO MGENI HANA

Mwenye duka la zamani ana mali moja ambayo haionekani rafuni, nayo ni kuwajua watu wake na majira yao. Wewe ni mkulima wa karafuu. Unajua msimu kabla hujafika. Waweza kuitazama mikarafuu ikitunga, ukakisia kama wachumaji watakuwa wengi au wachache. Basi weka mapema vitu vinavyohitajiwa: magunia, kamba, majamvi, tochi na betri zake, na chakula chepesi cha mchumaji. Fungua alfajiri, wachumaji wanapokwenda shamba. Msimu ukiwa mdogo, usijaze duka kwa matumaini.

Kadhalika mzani wako uwe wa haki, tena mteja auone. Bei ya chini yenye kilo pungufu hugunduliwa upesi, maana mama wa nyumbani anajua kilo ya unga hutoa maandazi mangapi.

Tena si lazima maduka mawili yauze vitu vilevile. Akiwa yeye ana nguvu katika vyakula vya gunia, wewe waweza kutia nguvu katika vifaa vya shamba, au daftari na kalamu za wanafunzi. Na hata katika vile mnavyouza nyote wawili, mwaweza kukodi gari moja kuleta mizigo yenu kutoka mjini. Nauli ikigawanywa, ile shilingi 3,000 ya gunia hupungua kwa wote. Washindani wa mchana si lazima wawe maadui wa jioni.

KARAFUU ZISILIPIE HASIRA ZA DUKA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Mwenye duka anayezidiwa hutazama huku na huku kutafuta fedha ya kujazia duka, na jicho lake huangukia shamba. Huikodisha mikarafuu yake kabla ya msimu, karafuu zikiwa bado changa, kwa bei ya mtu mwenye shida. Au huweka rehani miti aliyoachiwa na babake. Fedha huingia dukani, hununua sukari ile ya hasara tuliyoipigia hesabu, na huisha. Msimu ukifika, mwingine ndiye anayeanika majamvini.

Twasema kwa nguvu: duka lilizaliwa na shamba, lisimle mzazi wake. Weka fedha za duka mbali na fedha za karafuu. Likihitaji kusaidiwa, amua mapema kiasi cha mwisho utakachotoa katika akiba, kikiisha kimekwisha. Wala uamuzi wa kukodisha miti usifanywe na mtu mmoja usiku. Shauriana na watu wa nyumbani, maana chakula ni chao na urithi ni wao.

Jipe muda, tuseme miezi mitatu, uandike kila siku yaliyoingia na yaliyotoka. Ukiona mwisho wa muda kwamba duka halijilishi, kulifunga au kuligeuza kuwa kazi nyingine si aibu. Mkulima hukata mti uliokufa akapanda mche mahali pake, na hakuna anayemcheka. Aibu ni kupoteza shamba na duka pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Chagua bidhaa moja unayouza. Ukihesabu ununuzi, nauli na upungufu wa mizani, gharama ya kilo moja ni shilingi ngapi?

2. Katika mfano wetu, mwenye duka akiuza sukari kwa shilingi 2,750, faida ya gunia ni kiasi gani? (Jibu: shilingi 6,750.)

3. Mikopo yote iliyomo katika daftari lako leo ni sawa na faida ya magunia mangapi?

4. Ni vitu gani ambavyo maduka ya kijiji chenu yangeweza kuvileta kwa gari moja?

5. Ni nani nyumbani kwako anayepaswa kuulizwa kabla mikarafuu haijakodishwa?

Mwanachama asiyejua kuandika asione haya kumwomba mwanawe wa skuli amshikie daftari. Mtoto atajifunza hesabu, na duka litapata karani asiyedai mshahara.