Risasi Haipandi: Majibu kwa Wawindaji

Julai inakaribia, vitalu vitafunguliwa, na barua zenu zimejaa mambo yanayonitia hofu. Namna ya kushika bunduki mtafundishwa uwanjani. Hapa najibu yale yanayojeruhi wanyama na kuua watu.

Fundi wa kijijini kwetu anajaza upya maganda ya .30-06 kwa baruti ya gobore. Bei yake nafuu. Ninunue?

Usinunue, na kama tayari unazo usizifyatue. Baruti nyeusi ya gobore itasukuma risasi polepole, itamtoboa mnyama na kumwacha akafie porini, na masizi yake yatakula mtutu. Hatari kubwa zaidi ni siku fundi huyo atakapopata baruti isiyo na moshi akaipima kwa kijiko. Ndani ya .30-06 shinikizo hufika takriban mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta, na uso wako uko shubiri moja kutoka hapo. Marekani watu wengi hujijazia risasi nyumbani, tena wengine wakapata zilizo bora kuliko za dukani. Lakini wao hupima kila chembe kwa mizani inayosoma chini ya sehemu ya mia ya gramu, hufuata majedwali ya watengenezaji wa baruti, huanzia kipimo cha chini na kupanda kidogo kidogo. Kila ganda likitoka hulikagua. Fataki ikibapatika, au bolti ikikataa kufunguka, wanaacha hapo hapo. Hapa kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na huyo fundi hana leseni wala mizani.

Shikamoo mzee. Ni kweli risasi ikitoka mtutuni hupanda kwanza, ndipo ishuke? Wenzangu wananiambia nilenge chini mnyama akiwa karibu.

Marahaba. Si kweli, na uzushi huu nimeuchoka kuliko wote. Risasi huanza kuanguka papo hapo inapoacha mdomo wa mtutu. Hakuna kitu hewani cha kuinyanyua.

Kinachowadanganya wenzako ni darubini. Imefungwa juu ya mtutu, kama sentimita 4 hivi juu ya njia ya risasi. Jicho lako linatazama mstari ulionyooka. Ili risasi ikutane na mstari huo kule mbali, mtutu lazima uelekezwe juu kidogo, kama unavyorusha jiwe juu ya embe unalotaka kuliangusha. Kurekebisha darubini ni kupanga huo mwinamo tu. Kwa hiyo risasi inatoka chini ya mstari wa jicho, inaukata kwenye mita 25 au 30, inapita juu yake, kisha inaukata tena ikishuka. Bunduki ya .30-06 yenye risasi ya greni 180, ikirekebishwa kwa mita 200, itapiga sentimita 5 hadi 7 juu ya alama kwenye mita 100. Kwenye mita 300 itakuwa imeshuka sentimita zaidi ya 20.

Sasa pima mwenyewe. Sehemu ya uhai ya swala pala, moyo na mapafu, ni pana kuliko sentimita hizo 7. Ukilenga katikati ya bega kuanzia mita 10 hadi 200, utampata. Ukilenga chini kwa kuogopa risasi “itapanda”, utamvunja mguu wa mbele, naye atakimbia na miguu mitatu hadi fisi wamkute. Nimefuatilia nyayo za wanyama wa namna hiyo, na kila mara aliyefyatua alikuwa na maelezo haya haya. Weka karatasi kwenye mita 25, 100 na 200, fyatua risasi tatu kila mahali, utaona mwenyewe.

Duka lilinifungia darubini na kuirekebisha kwa leza. Inatosha?

Haitoshi. Nenda uwanjani ufyatue.

Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa bunduki ndogo. Kwa nini sheria inidai .375 kwa nyati?

W.D.M. Bell alitumia 7x57 kule Karamoja, ni kweli. Mnaacha kutaja kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa mpigaji wa kipekee. Wewe unaandika kwamba umefyatua mara mbili tangu ununue bunduki. Holland & Holland walitoa .375 H&H mwaka 1912, nayo bado inatosha: risasi ya greni 300, ngumu, kwenye bega. Waliouliza kuhusu .458 nao jibu lao ni hili. Ikiwa mshindo unakufanya ufumbe macho, unene wa risasi hautakusaidia.

Darubini ipi? (Barua za Iringa, Arusha, Lindi na Songea nazijibu pamoja.)

Wote mnataka kubwa kupita kiasi. Kwenye miombo mnyama hupigwa chini ya mita 100. Inayokuza mara 1 hadi 4 au 5 inatosha kwa nyati, ya 3 hadi 9 kwa mbugani. Kuhusu mwanga, gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji: milimita 40 kwa mara 6 ni karibu 7, na mboni ya jicho la binadamu haifunguki zaidi ya hapo. Kioo cha 56 kinaongeza uzito tu, na kuwinda usiku kumekatazwa na sheria. Tumieni fedha kwenye vishikizo imara. Hakikisheni pia darubini ya .375 inakaa sentimita 9 au 10 kutoka jichoni, la sivyo itakuchana nyusi.

Nimejeruhi pofu jioni, damu ni kidogo. Naweza kuendelea na mwingine kesho?

Huwezi. Kesho alfajiri rudi pale ulipomfyatulia, weka alama kwenye tone la kwanza la damu, mwache mfuatiliaji nyayo atangulie nawe ukae nyuma yake upande mmoja, mtutu ukielekea mbali naye. Angekuwa nyati ungetoa taarifa kwa askari wa wanyamapori usiku huo huo, maana kuna watu watakaopita hapo asubuhi kwenda kuchota maji.