Nina Crohn, je, watanipokea kwenye utafiti wa chakula?

SWALI: Daktari, nina miaka 34, naishi Marekani na nina ugonjwa wa Crohn. Mwezi uliopita nilianza dawa mpya. Naweza kupokewa kwenye utafiti wa tiba ya chakula?

JIBU: Huenda wakakwambia usubiri kwanza. Ukibadili dawa na chakula kwa pamoja kisha tumbo likatulia, nani atajua kilichosaidia ni kipi? Ndiyo maana watafiti hutaka dozi iwe haijabadilishwa kwa muda. Dalili nazo hupimwa: asiyeumwa hana cha kupunguza, na aliyezidiwa anahitaji wodi, si mapishi. Utafiti wa DINE-CD wa huko Marekani, uliochapishwa 2021, ulichukua watu wazima 194 wenye dalili ndogo hadi za wastani. Ulilinganisha mlo wa Mediterania na mlo unaokataza nafaka na sukari ya kawaida. Baada ya wiki 6 waliotulia walikaribiana, 43.5% na 46.5%.

Waambie mapema kama utumbo wako una sehemu iliyobana, maana mboga mbichi zenye nyuzi zinaweza kuuziba. Mimba, au mfuko wa choo tumboni, mara nyingi huwa kizuizi. Na tafadhali, usiache dawa ili upate nafasi.