Lipa Namba: Mwenye Duka Apige Hesabu ya Faida, Si ya Mauzo

Biashara ya Mikumi inategemea wapitaji. Mabasi na malori ya Iringa, Mbeya na Tunduma hupita hapo, na barabara za Kilosa na Ifakara huchepukia hapo. Mjini Kilosa nako, treni ya reli ya kisasa, iliyofika Dodoma mwaka 2024, hushusha abiria. Mteja aliye safarini hangoji chenji; anauliza namba ya kulipia. Swali la mwenye duka sasa ni apokee malipo ya simu kwa njia ipi na kwa gharama gani.

M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008. Mwanzoni wengi walipokea malipo kwa namba zao binafsi, fedha za duka zikachanganyika na za nyumbani. Lipa Namba imetenganisha mifuko hiyo miwili. Benki Kuu nayo imeanzisha mfumo wa TIPS, unaounganisha mabenki na kampuni za simu, pamoja na alama ya TANQR, ili duka moja lipokee malipo ya mitandao mbalimbali.

Gharama ipimwe hivi. Tuseme muuza mchele wa jumla anauza Sh. 100,000 na kupata faida ya Sh. 5,000. Makato ya kupokea na kutoa fedha yakiwa asilimia 1, analipa Sh. 1,000. Hiyo ni asilimia 20 ya faida yake. Mama lishe mwenye mauzo hayo hayo na faida ya Sh. 30,000 anapoteza asilimia 3 tu na ushee. Makato ni yale yale, maumivu ni tofauti.

Hata hivyo, fedha taslimu nazo zina gharama: noti bandia, wizi, na nauli ya kuzipeleka benki. Hizo nazo ziingizwe kwenye hesabu.

Tozo ya miamala ya Julai 2021 ilitoa fundisho. Gharama ilipopanda, wateja wengi walirudi kwenye noti, na Serikali ikapunguza tozo hiyo kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo. Mfanyabiashara anayetegemea njia moja tu huyumba bei yake inapobadilika.

Kwa mwenye faida nyembamba, dawa ni kupunguza kutoa fedha. Alipe wauzaji wake moja kwa moja kutoka kwenye salio la Lipa Namba, baada ya kulinganisha viwango vya makato vya kila mtandao na benki. Asitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza. Mwisho, atunze taarifa za miamala. Siku atakapoomba mkopo, taarifa hizo ndizo zitakazomwonyesha mkopeshaji mzunguko halisi wa duka.