SOMO: TOVUTI YA KIKUNDI INAPOMTOA MTU NJE



Kikundi cha akiba kikianza kuandika michango kwenye tovuti, kuna shida moja inayoleta ugomvi haraka. Mweka hazina anaingia kwa neno lake la siri, anaandika michango ya watu kumi, akibonyeza kuhifadhi anaambiwa aingie upya. Kazi yote imepotea. Kesho anafanya vilevile na inakubali. Basi wanachama wananong'ona: huyu hajui kompyuta, ama anaficha pesa. Kabla ya kumshuku mtu, tujue kwanza chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Tovuti inakukumbukaje?

Ukiingia, seva inaandika faili ndogo ya kukukumbuka, inayoitwa sesheni. Simu yako inapewa namba ya faili hiyo, inayoitwa kuki. Kila ukibonyeza, simu inaonyesha namba na seva inatafuta faili. Faili ikikosekana, wewe ni mgeni tena.

Mbona shida inakuja na kwenda?

Tovuti ya bei nafuu hukaa kwenye seva moja na nyingine nyingi. Kwa tovuti za PHP, faili ya sesheni isiyoguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, huhesabiwa kuwa takataka, isipokuwa mwenyewe amebadilisha muda huo. Lakini kufagia si kila wakati: kwa mpangilio wa kawaida wa PHP ni nafasi 1 kati ya 100 kila sesheni inapofunguliwa. Ndiyo maana leo unapona na kesho unanaswa.

Tena, kama tovuti kadhaa zinatumia folda moja, ile yenye muda mfupi zaidi huwafagilia wote. Ni kama wachuma chai walioweka vikapu katika kibanda kimoja: mmoja akiagiza kibanda kifagiliwe mapema, na kikapu chako kinatupwa.

Tufanye nini?

1. Kwa wiki moja, andikeni daftarini siku, saa na simu iliyotumika kila shida inapotokea. Ikija baada ya mtu kukaa kimya kwa muda, shukuni ufagiaji.

2. Tumieni anwani ile ile kila siku. Kuki iliyotolewa kwa anwani yenye www huenda isitambuliwe na ile isiyo nayo.

3. Angalieni kama nafasi ya akaunti imejaa. Ikijaa, faili mpya haiandikwi.

4. Fundi atengeneze folda ya sesheni ya tovuti yenu peke yake, mahali ambapo umma hauwezi kufikia, na aelekeze session.save_path huko. Kuongeza session.gc_maxlifetime tu hakusaidii kama folda bado ni ya wote. Sekunde 7200, yaani saa 2, zinatosha. Msizidishe: simu ya kuazima ikiachwa wazi, mwingine ataingia katika hesabu zenu.

5. Mpaka ipone, andikeni kwanza kwa karatasi, na mhifadhi baada ya kila majina machache.

Maswali ya kujadili kikundini

(a) Je, tuna daftari la karatasi la kulinganisha na tovuti?

(b) Hesabu zikipotea, tunauliza kwanza "nani?" ama "kwa nini?"

(c) Kama tumemshuku mwenzetu bila ushahidi, tutamrudishiaje heshima yake mbele ya wote?