Mwanafunzi Asomaye kwa Kukokota: Sikio, Sauti na Herufi

Katika madarasa mengi ya kidato cha kwanza hupatikana mwanafunzi mmoja au wawili ambao walimu wao huwaita wazito. Mwanafunzi wa namna hii hujibu vizuri aulizwapo kwa mdomo, hukumbuka aliyosimuliwa, na pengine ni hodari wa hesabu za kichwa. Lakini apewapo kitabu asome, husoma kwa kukokota, silabi baada ya silabi, na afikapo mwisho wa sentensi huwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Kwa kuwa maneno huyatamka sawasawa hatimaye, huhukumiwa kuwa ni mvivu. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki.

Kusema na kusoma ni mambo mawili tofauti sana. Binadamu amekuwa akisema tangu enzi zisizojulikana, na mtoto hujifunza kusema bila ya kufundishwa. Maandishi ni uvumbuzi wa juzi tu: yana umri wa miaka 5,000 hivi, na kila mtoto hana budi kufundishwa upya. Kazi ya kusema huanza kwa sikio. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wachanga wa miezi sita hadi minane, waliozaliwa katika nyumba za wasemaji wa Kiingereza, waliweza kupambanua sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hawakuzipambanua. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia. Sikio la mtoto huchagua zile sauti zinazofanya kazi katika lugha ya nyumbani. Mtoto wa Mombasa huendelea kusikia tofauti kati ya *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni, ambaye p yake hutamkwa kwa pumzi. Tofauti hiyo haimo katika tahajia ya kawaida, na wasemaji wengi wa bara hawaijui kabisa.

Ajabu ni kwamba mtoto huzitumia sauti hizi kwa ustadi bila kujua kwamba zipo. Atasema *kiti kimevunjika* na *viti vimevunjika*, akibadili k kuwa v mara mbili, ilhali ukimwuliza amebadili nini hana jibu. Wala jambo hili si la watoto peke yao. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwachunguza watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma, wakawataka waondoe sauti ya kwanza katika neno au waongeze moja. Wengi wao walishindwa. Wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Yaani ujuzi wa kuitenga fonimu moja moja hauji wenyewe kwa kukua, bali huja pamoja na herufi.

Wanafunzi wanaweza kulihakikisha jambo hili kwa jaribio rahisi. Mchukue mtoto wa miaka minne au mitano ambaye hajaanza kusoma, umwombe apige kofi moja kwa kila pande la neno: *ki-ta-bu* makofi matatu, *mbu-zi* makofi mawili. Huenda akaliweza mara moja, maana silabi husikika. Kisha mwambie: “Sema *simba*. Sasa liseme bila ya *sss* ya mwanzo.” Jibu ni *imba*, lakini watoto wengi wa umri huo watanyamaza, au watasema *mba*, kwa kuondoa silabi nzima. Rudia jaribio kwa mtoto wa darasa la tatu asomaye vizuri, ulinganishe. (Itamkwe sauti yenyewe, si jina la herufi, la sivyo jaribio limeharibika.)

Sasa ipo bahati ya Kiswahili. Tahajia yake iko wazi: irabu ni tano, na kila moja husomwa namna moja popote ilipo. Matatizo ni machache, kama vile *ng* na *ng'*, au *m* inayosimama kuwa silabi katika *mtu*. Kiingereza sivyo, mtu anayejua kusoma *but* bado hajajua kusoma *put*. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto waanzao kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika nyingi za lugha hizo watoto walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, bali wale wa Kiingereza walihitaji muda zaidi ya maradufu.

Lakini bahati hii ina upande wa pili. Wako watoto ambao ubongo wao hupata shida kuunganisha sauti na herufi, hali iitwayo disleksia. Haina uhusiano na akili. Daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliieleza mwaka 1896 katika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu kwa mambo yote isipokuwa kusoma. Mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo yafaa kuuliza kama baba au shangazi naye alitaabika na vitabu. Katika Kiingereza mtoto wa namna hii hujulikana kwa makosa. Katika lugha yenye tahajia wazi hajulikani kwa makosa: Heinz Wimmer, mwaka 1993, alionyesha kwamba watoto wenye disleksia wa Austria, wasomao Kijerumani, walikosea kidogo tu, ila walikuwa wa polepole mno. Mwalimu wa Kiswahili anayehesabu makosa tu atampita mwanafunzi huyu bila kumwona. Na mwanafunzi aingiapo shule ya sekondari, akakutana na vitabu vya Kiingereza, hata ule usahihi humtoka.

Si kila asomaye polepole ana disleksia. Kwanza lichunguzwe sikio: usaha utokao sikioni kwa miezi, ambao wengi huudharau, hupunguza usikivu katika miaka ile ile ya kujifunza lugha. Tena, tafiti zilizofanywa Kilifi, Kenya, katika miaka ya 2000 zilionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali ya ubongo walibaki na matatizo ya lugha. Macho nayo yapimwe.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji chombo zaidi ya saa. Mwanafunzi asome, akiwa peke yake na mwalimu, habari fupi asiyoijua, na yahesabiwe maneno ya dakika moja. Asomaye maneno 120 kwa dakika atamaliza habari ya maneno 600 kwa dakika tano. Asomaye 40 atahitaji dakika 15, na katika mtihani zile dakika kumi ndizo alizopewa mwenzake kwa kujibu. Kumfokea au kumsimamisha asome mbele ya darasa bila kujitayarisha hakuongezi hata neno moja. Lisaidialo ni kurudia kifungu kimoja kifupi mara tatu au nne kwa siku, kufundishwa tena silabi zile zinazomkwamisha, na kuongezewa muda wa kujibu. Hesabu ya maneno iandikwe kila wiki daftarini, pamoja na tarehe, ili mwalimu wa mwaka ufuatao aikute.