Usiiguse Saa ya Kamera Kabla Hujaandika Tofauti

Kwenye kona ya picha ya kamera ya ulinzi huwa kuna tarakimu ndogo nyeupe: tarehe, saa, dakika na sekunde. Wenye nyumba wengi hawazitazami. Hununua kamera nne au nane, humlipa fundi, huangalia kama geti linaonekana na kama uso wa mtu unatambulika usiku, basi, wameridhika. Kijitabu hiki kinahusu tarakimu hizo na si kitu kingine. Tumekitoa kwa sababu ya malalamiko ya watu walioibiwa, wakapeleka rekodi kituoni wakiwa na uhakika kwamba mambo yamekwisha, kisha wakarudi nyumbani wakinung'unika kwamba picha zao hazikufanyiwa kazi. Wengine wanaamini kuna mkono wa mtu. Hatutaki kubishana nao, na hatumwombi msomaji atuamini. Tunamwomba aangalie mashine yake mwenyewe kabla ya kumtafuta mchawi, kwa kuwa jambo tunalolisema analiona kwa macho yake bila kumuuliza ofisa yeyote.

Picha huonyesha mtu, lakini shauri huuliza wakati. Chukua mfano wa nyumba yenye mlinzi wa usiku anayeingia zamu saa nne usiku. Mwizi anaruka ukuta saa mbili na dakika arobaini, giza limeshatanda, anabeba pampu ya maji na mtungi wa gesi. Mashine ya kurekodi ilitoka kiwandani China, na aliyeifunga hakubadilisha majira ya nchi, hivyo saa yake iko mbele kwa saa 5. Kwenye picha panasomeka 01:40, na tarehe imesharukia siku inayofuata. Asubuhi mwenye nyumba anatazama: saa saba na dakika arobaini usiku, mlinzi yuko zamu. Alikuwa wapi? Ama alilala, ama alishirikiana na mwizi. Mlinzi anafukuzwa kazi, pengine analala mahabusu, kwa wizi uliofanyika saa moja na dakika ishirini kabla hajafika kwenye lindo. Kila kitu katika picha ile ni kweli isipokuwa tarakimu, na tarakimu ndizo zilizomhukumu.

Tunajua jibu la wengi: sura inaonekana, saa ya nini? Jibu hilo lingefaa kama wezi wote wangekuwa wageni. Lakini wanaoonekana getini ni bodaboda aliyeleta mzigo, kijana wa gesi, dada wa kazi, shemeji, fundi bomba. Wote wana sababu halali ya kuwapo hapo. Kijana wa gesi akiwa uani saa nne asubuhi yuko kazini. Kijana huyo huyo akiwa uani saa nane usiku ana swali la kujibu. Kinachowatenganisha hao wawili ni saa tu. Isitoshe, picha haisimami peke yake. Italinganishwa na ujumbe wa muamala wa simu, orodha ya simu zilizopigwa, kamera ya jirani wa ng'ambo ya barabara. Hivyo vingine vikisema saa mbili na yako ikisema saa saba, wakili wa utetezi hahitaji ujanja mwingi. Atauliza kama saa ya kamera ni sahihi. Ukikiri kwamba si sahihi, atauliza unajuaje basi kwamba tarehe ni sahihi.

Hapa wapo wanaokata tamaa na kusema kamera yenye saa mbovu haina faida mahakamani. Nao wamekosea, na kosa hili tunalihofia kuliko lile la kwanza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inazuia rekodi isikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Inapofika kwenye uzito wa ushahidi, inaangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isibadilishwe. Inatambua pia kwamba kifaa kinaweza kuwa na hitilafu, na kuuliza kama hitilafu hiyo imeathiri ukamilifu wa rekodi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inakwenda njia hiyo hiyo na kudai cheti kinachoeleza kifaa na hali yake. Maana yake ni kwamba saa mbovu inaweza kuelezwa, mradi ubovu wake ujulikane ni wa kiasi gani. Saa iliyokuwa mbele kwa saa 5 na dakika 3, na ikathibitishwa hivyo, bado ni saa: unatoa na unapata wakati wa kweli. Saa iliyorekebishwa kimyakimya baada ya wizi haina namna ya kuelezwa tena, maana kipimo cha kosa lake kimefutwa na aliyetaka kusaidia.

Kwa hiyo onyo letu kuu ni hili, na tutalirudia hata kama litachosha: tukio likitokea, usiiguse saa ya kamera. Usimruhusu mtoto wa jirani anayejua kompyuta aiguse. Usimwite fundi aiweke sawa ili picha ipendeze mbele ya polisi. Fungua skrini, shika kando yake simu inayochukua saa kutoka kwenye mtandao, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili, na ipigwe na simu ya pili. Kisha andika kwenye karatasi: tarehe, saa ya kamera hadi sekunde, saa ya simu hadi sekunde, tofauti kati yake, na jina la aliyesoma. Mtu wa pili, awe mjumbe au jirani aliye mtu mzima, asaini. Karatasi hiyo ni muhimu kwa sababu swali halali litaulizwa: je, mwenye nyumba hakugeuza saa makusudi ili kumbana mtu anayemchukia? Shahidi wa pili na picha ya saa mbili kwa pamoja ndivyo vinavyolijibu. Baada ya hapo nakili rekodi kwenye flashi katika umbo lake la asili, si kwa kurekodi skrini kwa simu, ukianzia saa nzima kabla ya tukio hadi saa nzima baada yake. Peleka kituoni pamoja na karatasi, chukua namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, na hakikisha una nakala nyingine nyumbani. Hapo ndipo saa irekebishwe, si dakika moja kabla.

Katika kunakili kuna mtego unaonasa wengi. Ukitafuta rekodi, mashine hutafuta kwa saa yake, si kwa saa yako. Mwenye nyumba wa mfano wetu akiandika 20:40 ataonyeshwa uwanja mtupu wa alasiri, jua linawaka, kuku wanachakura. Atasema kamera haikunasa kitu na kuizima kwa hasira. Tukio lake limelala kwenye 01:40 ya kesho yake. Na halitalala milele: diski ikijaa, mashine hufuta ya zamani ili ipate nafasi ya mpya. Diski ya terabaiti 1 yenye kamera nne zinazorekodi mfululizo haihesabiwi kwa miezi, ni siku au majuma machache. Aidha, baadhi ya mashine zikirudishwa nyuma ghafla huandika rekodi mpya juu ya muda ambao tayari una rekodi. Hiyo ni sababu ya pili ya kutoigusa saa kabla ya kunakili, kama ya kwanza haikukutosha.

Ukishajua tofauti, unaweza kujua chanzo, kwa kuwa kila kosa lina chapa yake. Ikiwa mbele kwa saa 5 kamili, mashine bado iko kwenye majira ya Beijing. Ikiwa nyuma kwa saa 3, iko kwenye GMT. Mbele kwa saa 1 mara nyingi ni kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai au Muscat, ikabaki na majira ya huko. Tarehe ya 1 Januari 1970 au mwaka 2000 ni betri ya ndani iliyokufa: umeme umekatika, mashine imesahau yote na kuanza kuhesabu upya. Tofauti ya dakika chache ni uchovu wa kawaida wa saa. Kristali ya saa inayokosea sehemu 20 katika milioni hupoteza au huongeza sekunde 1.7 kwa siku, nazo kwa mwaka ni dakika 10 na ushei. Tarehe 03/07 inayosomeka kama 7 Machi wakati ni 3 Julai ni mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi. Halafu kuna kosa letu wenyewe, ambalo kiwanda hakihusiki nalo hata kidogo: tofauti ya saa 6. Mtu anaambiwa aweke saa, anaangalia, ni saa nane mchana, anaandika 08:00. Mashine haijui Kiswahili. Kwake saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. Kosa hilo hutokea tena kituoni, pale mlalamikaji anaposema saa nane na maelezo yakaandikwa saa 8. Sema saa, sema mchana au usiku, kisha taja tarakimu zilizo kwenye picha kama zilivyo.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ya kutisha, alimradi ufuate mpangilio. Anza na majira ya nchi, usianze na saa. Chagua GMT+03:00. Orodha nyingine huandika Nairobi, nyingine Riyadh au Baghdad; majina yasikubabaishe, kinachotakiwa ni hiyo +03:00. Pili, zima kipengele kilichoandikwa DST. Hicho ni cha nchi kama Uingereza, zinazosogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja nacho, na kikiachwa wazi kamera itajirukia saa nzima bila kukuaga. Tatu, weka mpangilio wa tarehe unaoanza na mwaka, ambao haubishaniwi, na saa ya mfumo wa saa 24. Ndipo uweke saa yenyewe. Mwisho, kama mashine ina intaneti, washa NTP, huduma inayoifanya mashine iulize saa sahihi mtandaoni na kujirekebisha yenyewe. Mfumo wa kamera zinazotumia intaneti unaweza kuwa na saa mbili, ya mashine ya kurekodi na ya kamera yenyewe, na moja ikisahaulika zitapishana kwenye picha ile ile. Kamera ndogo za Wi-Fi hurekebishwa kwenye programu ya simu, sehemu ya majira.

Saa ikirudi 1970 au 2000 kila umeme unapokatika, usipoteze muda kuiweka tena na tena. Badilisha betri. Mara nyingi ni CR2032, ya volti 3, umbo la sarafu, upana milimita 20 na unene 3.2. Mashine ichomolewe kwenye umeme kwanza, na kama hujawahi kufungua kifaa cha aina hiyo, mwachie fundi. Betri ya zamani isiachwe mezani: mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2, na hapo ni hospitali mara moja, si maziwa wala kusubiri.

Wapo watakaosema fundi ameshalipwa, hiyo ni kazi yake. Ni kweli ilikuwa kazi yake, lakini siku ya shauri atakayesimama kizimbani kueleza rekodi ni wewe. Mdai nenosiri la mashine, kisha libadilishe. Nyumba ambayo ufunguo wa kamera zake uko mfukoni mwa fundi haijalindwa. Wengine wanaogopa kuunganisha kamera na intaneti wasije wakachunguliwa. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa anayeacha nenosiri la kiwandani. Basi iache bila intaneti, uilinganishe na simu tarehe mosi ya kila mwezi, uandike kwenye daftari. Daftari la mwaka mzima ni ushahidi mzuri kuliko maneno yako. Kamera inayomulika kwa jirani inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, ambayo ina masharti yake. Uliza kabla hujaelekeza lenzi huko. Hatuoni haya kutumia kijitabu kizima kwa tarakimu chache za kona ya picha, na hatujutii.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, washa skrini ya kamera, weka simu kando yake na usome saa zote mbili kwa sauti. Zikipishana na hakuna tukio lolote lililotokea, andika tofauti kisha rekebisha. Zikipishana na umeshaibiwa, andika, nakili, peleka kituoni, na saa iache ilivyo.