Homa Ambayo Bado Haijajulikana

Huku Kitaya msimu wa mpunga wanaofika kutibiwa wengi wana homa. Wanafunzi wa utabibu wanaokuja kwetu kwa mazoezi hujifunza upesi kuandika neno moja: malaria. Mara nyingi wanapatia. Lakini kipimo kisipoonyesha vimelea, wengine huandika malaria vile vile, kwa kuwa mama amesimama pale na mtoto mgongoni, na kumwambia "bado hatujajua" huonekana kama kukosa elimu.

Hata wazoefu hufanya hivyo. Utafiti wa mwaka 2004 katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliwatazama wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 46 tu.

Mwaka 2022 jirani zetu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliugua homa, kichwa kikiuma na damu ikitoka puani. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na korona havikuonyesha kitu. Hatimaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia mwilini kwa maji au tope kupitia mchubuko. (Nasi nani haingii mpunga peku?) Dawa yake ipo, lakini asiyeufikiria ugonjwa huo hataitoa.

Kwa hiyo tunawataka wanafunzi waandike "homa, chanzo bado", na chini yake wanayoyahofia. Mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima. Wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, na ana kikohozi, tufikirie nimonia. Shingo ikikaza, tuhofie homa ya uti wa mgongo. Mtu mzima aulizwe anafanya kazi wapi na mkojo wake una rangi gani. Hilo halihitaji mashine. Mwenye dalili za hatari hasubiri jina la ugonjwa: aanzishiwe tiba na kupelekwa hospitali.

Mama naye aambiwe wazi: "Mama, malaria haikuonekana, na bado hatujajua ni nini. Homa ikiendelea, mrudishe keshokutwa. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mlete hata usiku." Tumeona kuwa aliyeelezwa hivyo hurudi. Aliyepewa vidonge vya malaria ili aondoke ametulia, hukaa nyumbani akisubiri vimalizike.